Zahanati ya mtaani Ngamiani, Tanga: nyota nne kwa zamu ya usiku iliyomshughulikia binti yangu sukari iliposhuka

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia na sababu nitaisema, lakini hizo nne wamezivujia jasho, na ningependa kila mzazi wa Tanga mwenye mtoto wa kisukari ajue zilivyopatikana.

Ninaongelea zahanati ya binafsi ya mtaani kwetu Ngamiani, ile inayofanya kazi usiku na mchana. Jina silitaji kwa kuwa nina la kuwasifu na nina la kuwalalamikia, na wenyewe tumeshazungumza uso kwa uso. Wakazi wa hizi barabara zetu za namba wataijua tu. Mimi ni fundi baiskeli. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na kisukari aina ya kwanza kilimpata akiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo nyumbani kwetu sindano si kitu kigeni. Anachoma insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula. Kliniki yake ya kawaida iko hospitali kubwa, na dawa na ushauri anapata huko. Zahanati hii kwetu ni mahali pa karibu tu. Ila sukari ikishuka saa nane za usiku, huko karibu ndiko kunakohitajika.

Watu wakisikia kisukari wanafikiria sukari kupanda. Kupanda kuna madhara yake, na mtu wa aina ya kwanza akikosa insulini anaweza kufa, lakini kwa kawaida huko kunakuja kwa saa nyingi au siku kadhaa, na dalili unaziona: kiu, mkojo mwingi, kukonda. Kushuka kunakuja ndani ya dakika. Chini ya 3.9 kwa kipimo chetu cha milimoli, tayari imeshuka na mtoto anatakiwa apewe kitu kitamu hapo hapo. Chini ya 3.0 ni hatari ya kweli, kwa sababu ubongo unaishi kwa sukari ya kwenye damu na wenyewe hauna akiba ya maana. Ndiyo maana anaanza kutetemeka, jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, kisha anakuwa mkali bila sababu, anaongea ovyo, na asipowahiwa anaingia degedege au anapoteza fahamu.

Siku yenyewe binti alitoka shule akiwa amechoka. Walikuwa kwenye mazoezi ya netiboli ya kujiandaa na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na yeye anacheza mbele, ni mbio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Stripu za kupimia sukari za mashine yetu ya nyumbani zilikuwa zimeisha, hivyo akapita duka moja la dawa akapimwe kabla ya sindano ya jioni. Njiani alikuwa amenunua chungwa la kumenywa, yale ya Muheza, akala huku anatembea. Pale dukani akatoa kidole, kikatobolewa, mashine ikasoma 15.2. Akaja nyumbani na karatasi yake. Kliniki walishamfundisha kwamba ikisoma juu kiasi hicho aongeze uniti mbili, akaongeza. Akala wali na samaki vizuri tu, akasoma kidogo, akalala.

Mama yake ndiye aliyesikia. Alidhani mtoto anaota, alivyomgusa akakuta fulana imelowa chapa na mwili wa baridi. Alipomwita akajibu maneno yasiyo na mbele wala nyuma, akausukuma mkono wa mama yake kwa nguvu ambayo hatukuizoea. Mama akakoroga sukari haraka, vijiko vitatu vya chai kwenye nusu kikombe cha maji kama tulivyofundishwa, lakini binti akawa hamezi, maji yanatoka pembeni ya mdomo. Hapo tukaacha. Mtu asiyeweza kumeza hapewi kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Tukamlaza ubavu.

Kelele zilimleta jirani yetu, bi mkubwa ambaye mimi namheshimu kama mama yangu. Akasema huyu amepandwa na mashetani, leteni ubani. Simlaumu. Jasho lile, macho yale yanayotazama bila kuona, maneno yale: usiku, katika mji huu, watu wengi wangesema hivyo hivyo. Mke wangu alimjibu kwa adabu kabisa, "Bibi, tuombee, lakini kwanza tumpime sukari." Na bi mkubwa huyo huyo ndiye aliyembeba miguu tukimwingiza kwenye bajaji ya kijana anayelaza chombo chake uani kwetu.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe.

Mlinzi alifungua geti kabla bajaji haijasimama. Nesi wa zamu, dada wa makamo mwenye sauti ya chini, aliuliza swali moja tu: "Ana kisukari?" Nikasema ndiyo, anachoma insulini. Hakuuliza jina, hakuuliza kadi, hakuniambia niende mapokezi. Alivuta kigari chenye vifaa, akafuta kidole cha binti kwa pamba yenye maji, akakikausha, akakitoboa pembeni ya ncha, akafuta tone la kwanza, akatumia la pili. Ilisoma 1.9. Akaita kwa sauti, "Daktari, moja nukta tisa, hamezi!" Daktari alitoka chumba cha nyuma akiwa anavaa koti. Tangu kushuka kwenye bajaji hadi namba ile kusomwa, nadhani haikufika dakika mbili.

Mshipa ulisumbua. Mtu akiwa na jasho la baridi mishipa inajificha, kanula ya mkono wa kulia ikagoma, nesi akahamia wa kushoto bila kupaniki, akapata. Niliangalia wanavyotayarisha dawa, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kitu cha kushika na macho yangu yalihitaji mahali pa kukaa. Dekstrosi, yaani maji ya sukari ya kuingiza mshipani, waliyokuwa nayo ilikuwa ya asilimia 50, nzito kama shira. Daktari hakuichoma hivyo hivyo. Alivuta mililita 20 za hiyo, akachanganya na mililita 80 za maji ya sindano, ikawa mililita 100 za asilimia 10, ndiyo akaingiza taratibu. Asubuhi nilimuuliza kwa nini alipoteza muda kuchanganya. Akanieleza, bila kunionyesha kwamba swali langu ni la kijinga, kwamba ile nzito inaunguza mshipa, na ikivuja nje ya mshipa inaweza kuua nyama ya mkono. Zaidi ya hapo inarusha sukari juu kwa kishindo, na kwa mtoto wanataka ipande kwa utaratibu. Kiasi hupigwa kwa uzito: mililita 2 za asilimia 10 kwa kila kilo, na binti ana kilo kama hamsini.

Bomba lilipokuwa linakaribia kuisha, binti alikunja uso. Halafu akafumbua macho, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Mama, nasikia njaa." Mke wangu alikaa chini sakafuni.

Mahali pengi nilipopita katika maisha haya ya kisukari, kazi ingeishia hapo. Mtoto kaamka, lipeni, nendeni. Hawa hawakufanya hivyo. Walimpima tena baada ya dakika 15, ikasoma 4.4. Wakampa chai ya maziwa yenye sukari na mkate, kwa sababu ile ya mshipani inaisha haraka na insulini ya jioni bado inaendelea kufanya kazi mwilini. Asipokula kitu cha wanga anashuka tena akiwa usingizini. Wakamtundikia dripu ya dekstrosi ya asilimia 10 iende polepole, na nesi akawa anakuja kumpima kila saa hadi kunapambazuka. Wakampima na malaria pia, kipimo cha haraka, maana malaria kali nayo hushusha sukari, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Hakuwa nayo.

Pesa haikutajwa mpaka mtoto alipokuwa anakunywa chai. Asubuhi bili ilikuja Sh 42,000, imeandikwa kitu kimoja kimoja kwenye risiti: kumwona daktari usiku, dawa, dripu, vipimo. Nililipa kwa simu. Kwa kazi waliyoifanya sina neno.

Lakini kilichonifanya nikae niandike ni asubuhi yake. Daktari alikuja, hajalala, akavuta kiti akakaa karibu na kitanda. Akaanza kutafuta sababu. Alisema sukari kushuka mpaka 1.9 haitokei hivi hivi, lazima kuna kitu kimebadilika, na tusipokijua tutarudi hapa tena. Akamuuliza binti mwenyewe, mimi na mama yake akatuomba tusubiri kidogo kabla ya kujibu. Jana ulifanya nini? Ulikula nini, saa ngapi? Ulipima wapi? Ulichoma wapi?

Binti alipotaja chungwa, daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akamwambia nesi alete mashine, akampima binti kidole kilichooshwa. Halafu akachukua kipande cha chungwa kutoka kwenye mfuko wa bi mkubwa aliyekuwa amekuja kutuona, akajipaka maji yake kwenye kidole chake mwenyewe, akakiacha kikauke, akajipima. Mashine ikasoma 17. Akanawa kwa sabuni, akajipima kidole kile kile: 5.3. Sote tulikaa kimya. Mimi nimekuwa baba wa mtoto wa kisukari miaka yote hii na hakuna mtu aliyewahi kunionyesha hilo kwa macho. Ile 15.2 ya duka la dawa huenda ilikuwa sukari ya chungwa kwenye ngozi, na yule kijana wa dukani hakumwambia mtoto anawe mikono. Pamba yenye spiriti pia haitoshi, alisema daktari, ukiwa umeshika tunda nawa kwa maji na sabuni ukaushe. Kama maji hakuna, futa tone la kwanza upime la pili.

Kwa hiyo uniti mbili za ziada ziliongezwa juu ya sukari ambayo pengine haikuwa juu kabisa.

Akaendelea. Netiboli. Misuli ikifanya kazi sana mchana, usiku inaendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu ili kurudisha akiba yake, na jambo hili linaweza kuendelea kwa saa nyingi, hata siku nzima. Kwa hiyo mtoto anaweza kumaliza mchezo yuko sawa, akala, akalala, ikashuka saa nane usiku. Siku ya mazoezi mazito chakula kinaongezwa au insulini ya jioni inapunguzwa, na hilo wanapanga na kliniki yake.

La tatu ndilo ambalo sikulitarajia. Nesi aliomba apishwe na binti chumbani, pazia likavutwa. Walikaa humo muda. Nilisikia mnong'ono, kisha binti analia, kisha anacheka. Alipotoka nesi alituambia tu kile ambacho binti alikubali tuambiwe: alikuwa anachoma paja moja, sehemu ile ile, kwa sababu pale pameshakuwa na uvimbe laini na hapaumi. Insulini ikichomwa kwenye uvimbe wa namna hiyo inaingia kwa kusuasua, siku nyingine kidogo, siku nyingine nyingi. Jioni ile, kwa kuwa paja lilimuuma na mazoezi, alihamia tumboni, kwenye ngozi safi. Dawa ikaingia yote, na kwa kasi.

Tatu kwa mpigo. Kidole chenye chungwa, mbio za uwanjani, na sindano iliyohamishwa.

Nesi hakumgombeza. Hilo nalisema kwa msisitizo kwa sababu watoto wa umri huu wakigombezwa wanaficha, na kisukari kikifichwa kinaua. Alimchorea kwenye karatasi tumbo limegawanywa sehemu nne na mapaja mawili, akamwambia kila wiki ahamie sehemu nyingine, na kila sindano iwe mbali na ya jana angalau upana wa kidole. Uvimbe ule usiguswe kwa miezi, utapungua. Akamwonya pia kwamba akiacha kuchoma kwenye uvimbe huenda atahitaji uniti pungufu, kwa hiyo apime mara nyingi zaidi siku za mwanzo. Na akamsimulia kitu ambacho binti bado anakirudia kwa marafiki zake: kwamba mgonjwa wa kwanza duniani kuchomwa insulini, huko Toronto, Kanada, Januari 1922, alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikumfaa kwa sababu dawa ilikuwa chafu, wakaisafisha, ya pili ikamwinua. "Kumbe ni mwenzangu," binti alisema. Kwa mtoto aliyekuwa akidhani ana ugonjwa wa wazee, nadhani hilo lilimsaidia kuliko dripu.

Daktari hakubadilisha dozi kwa kichwa chake. Aliandika barua kwenda kliniki yake ya kisukari, ukurasa mzima, kilichotokea, namba zote na saa zake, na alichodhani ndicho chanzo. Kule kliniki walituambia barua ya namna hiyo hawaipati kila siku, na dozi ya jioni ikapunguzwa.

Barua ya pili ilikwenda shuleni. Hapa niseme kidogo, maana shule fulani, sitaitaja, binti aliwahi kunyang'anywa juisi darasani akiwa anatetemeka, akaambiwa asubiri mapumziko. Barua ya daktari ilieleza kwa lugha ambayo mwalimu yeyote anaielewa: mwanafunzi huyu ana ruhusa ya kubeba sukari au juisi na kuitumia wakati wowote, hata kwenye mtihani, akitetemeka au akitoka jasho apewe mara moja kisha apimwe tena baada ya dakika 15, asitumwe peke yake kwenda kutafuta msaada, afuatane na mwenzake, kabla ya mazoezi ale kitu, ndizi au muhogo. Mwalimu wa michezo aliisoma, akaipiga picha, na sasa ana pakiti ya glukosi kwenye begi la mipira. Sikuwahi kufikiria zahanati ya mtaani ingeandika barua shuleni.

Niliuliza pia kuhusu Ramadhani, kwa sababu binti ana hamu ya kufunga na wenzake na kila mwaka tunavutana. Daktari alisema mtu wa aina ya kwanza anayechoma insulini yuko kwenye kundi la hatari kubwa, na kama ameshawahi kushuka mpaka kupoteza fahamu hivi karibuni ushauri wa kitabibu ni asifunge. Siku akija kuruhusiwa na kliniki yake, ikishuka chini ya 3.9 anafungua hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika tano. Kutoboa kidole kupima hakubatilishi saumu, wataalamu wa dini wengi wameshalisema, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutopima. Alilizungumza kwa heshima, na binti alimsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi.

Sasa ile nyota ya tano.

Tulirudi baadaye, mchana. Binti alikuwa na mama yake sokoni, akaanza kutetemeka, mashine ikaonyesha 3.3, akanywa soda ndogo ya sukari kamili, lakini mama yake akaona bora wapite zahanati waangaliwe kwa kuwa haikuwa mbali. Zamu ya mchana ikawa nyingine kabisa. Dada wa mapokezi akaanza na faili. Jina, umri, mtaa, namba ya simu, namba ya simu ya mtu wa karibu. Mke wangu akasema, dada, mtoto sukari imeshuka, naomba apimwe. Akaambiwa akae kwenye benchi, mbele yake kuna watu. Wakakaa. Binti alikula vijiko vya glukosi kutoka kwenye mkoba wake, akapanda mwenyewe, bila msaada wa mtu aliyevaa sare. Walipoitwa alikuwa na 5.1, na daktari wa mchana akasema hana tatizo.

Halafu kwenye dirisha la mapokezi, mbele ya benchi lililojaa, akaulizwa kwa sauti hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Msichana wa miaka 15. Alijibu huku anaangalia chini, na tangu hapo alikataa kukanyaga pale mpaka tulipomhakikishia kwamba atakuwepo nesi wa usiku.

Nilikwenda mwenyewe kuonana na msimamizi. Nilimwambia kwamba mlango wao una tabia mbili, ya usiku na ya mchana, na mgonjwa hachagui saa ya kushuka. Hakubishana. Alinisikiliza hadi mwisho, akaita mapokezi nikiwa pale pale, na siku niliyopita tena nilikuta karatasi imebandikwa upande wa ndani wa dirisha, pale anapokaa mhudumu: mgonjwa wa kisukari anayetetemeka, anayetoka jasho au kuchanganyikiwa, apimwe sukari kwanza, faili baadaye. Maswali ya siri sasa yanaulizwa chumbani. Nimeambiwa na jirani mwenye mama mwenye kisukari kwamba agizo hilo linafuatwa. Nikijionea mwenyewe nyota ya tano nitaiweka.

Yapo mengine madogo. Glukagoni hawana, ile sindano ya kuchoma msulini ambayo mzazi anaweza kuitumia nyumbani mtoto akiwa hajitambui. Nilipoulizia waliniambia ni ghali na inaharibika bila kuuzwa. Hawana gari la wagonjwa, na kama binti asingeamka ingebidi bajaji ile ile itupeleke Bombo, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Chumba cha kupumzikia kina kitanda kimoja tu chenye neti nzima. Choo ni kisafi. Bima wakati ule walikuwa hawajaanza kupokea, ulizeni kabla ya kwenda.

Kwa mzazi atakayekwenda pale, au kwenye zahanati yoyote ya mtaani kwake, nendeni mchana mmoja mkiwa hamna dharura. Ulizeni mambo matatu: stripu za sukari zipo zamu ya usiku? Dekstrosi ya mshipani ipo kwenye kigari au imefungiwa stoo, na ufunguo anao nani? Nani anaruhusiwa kuichoma daktari akiwa hayupo? Hapa Ngamiani majibu yao yalikuwa ndiyo, kwenye kigari, na nesi wa zamu. Mahali pengine karibu na hapo nilipouliza waliniambia stoo inafunguliwa saa mbili asubuhi.

Geti la usiku ni lile la uchochoroni, siyo la barabarani. Lile la mbele hufungwa saa nne, kengele yake haisikiki ndani, msipoteze muda hapo.